Mke Wangu na Klachi ya Gari la Bucha

Mke wangu alinipiga kabla hajalijua jina langu. Nilikuwa nimechukua jeki yake bila kuomba. Nilikuwa mgeni pale yadi, fundi bodi, kijana mwenye mabega na majivuno, nikadhani jeki iliyolala chini ni ya wote. Alikuja nyuma yangu na mpini wake, akanishushia begani. Nikapiga magoti.

"Rudisha."

Nikarudisha. Bega lile linaniuma mpaka leo mvua ikikaribia. Sasa nalipenda.

Yadi yetu ilikuwa uwanja wa udongo mweusi kwa oili. Ukuta wa matofali upande mmoja, mabati upande mwingine, magari juu ya mawe. Watu walipigana pale kwa ajili ya spana, kwa ajili ya kivuli, kwa ajili ya mteja. Nimeona mtu akichomwa bisibisi ya paja kwa sababu ya beringi, na beringi yenyewe mbovu. Mke wangu alikuwa mwanamke pekee. Wote walimwita Dada. Nilipomwoa, na mimi nikawa shemeji wa yadi nzima, hata wa wazee walionizidi umri.

Kazi ya klachi aliirithi kwa baba yake. Mzee alimfundisha kwa mkanda wa feni. Akishika uso wa klachi pleti na vidole vya grisi, mkanda. Akikaza boliti kwa kufuata mzunguko badala ya kukingamisha, mkanda. Nilipouona mgongo wake mara ya kwanza damu ilinichemka. Nikamwambia nataka kwenda kuonana na mzee wake.

"Umechelewa," akasema. "Ameshakufa. Na kazi naijua."

Aliijua. Mteja akija na hadithi ndefu, yeye hasikilizi. Anaingia ndani ya gari, anavuta hendibreki, anatia gia ya tatu, anaachia klachi. Injini ikizima palepale, klachi ni nzima na mteja ana lake. Injini ikiendelea kunguruma na gari limesimama, pleti imekwisha, inateleza. Kelele ikitoka anapokanyaga, hiyo ni beringi. Lakini gia zikikataa kuingia na kusaga meno, hapo alishuka kwanza na kulala chini ya gari. Maana yake klachi haiachii, na sababu ni nyingi. Huenda upepo umeingia kwenye mafuta, huenda mpira unaopitisha mafuta umepasuka, huenda silinda imechoka. Au kosa liko ndani kabisa, mahali ambapo huoni mpaka ushushe gia boksi.

Tulikuwa na sheria moja. Mteja na fundi wakigombana juu ya kazi, gari linafunguliwa mbele ya watu. Anayefungua si yule aliyefunga. Kinachotoka kinalazwa juu ya gunia, mwenye gari anakiona kwanza, na aliyekosa anakubali. Bila sheria hiyo tungekuwa tumeshauana sote. Na aliyeitwa kufungua alikuwa mke wangu. Aliwahi kunihukumu hata mimi, mumewe. Nilikuwa nimeziba kutu ya mlango kwa bandiko na kupaka rangi juu. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akautoboa mlango kwa bisibisi mbele ya mteja.

"Huyu ni mume wangu," akamwambia, "na hii ni takataka."

Nilirudia kazi yote. Nyumbani nilinuna, akanicheka mpaka na mimi nikacheka.

Alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja. Yadi walimwita Mdomo. Mke wangu ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa, na kazi akamfundisha yeye, bila mkanda. Mdomo alikuwa mtu mzima sasa, ana ndevu, ana mke na watoto. Alifanya kazi kwa mkono wa kushoto na kuongea kwa mikono yote miwili. Alikuwa fundi mzuri. Kichwa chake tu kilikuwa kigumu.

Gari lenyewe lilikuwa la mwuza nyama. Tulimwita Bucha. Mikono yake ilikuwa minene kama mapaja ya watu wengine. Gari la michezo la zamani, milango miwili, limelala chini, jekundu. Rangi ile niliipiga mimi. Bucha alilipenda kuliko mkewe, na mkewe ndiye aliyekuwa akilisema hilo. Klachi ikaanza kuteleza. Kwenye kilima gari lilipiga kelele tu bila kupanda. Akalileta. Mke wangu alikuwa nyumbani na homa, kazi ikachukuliwa na Mdomo. Alitaka kubadilisha pia mpira wa klachi, maana ulikuwa wa zamani. Bucha akakataa. Akasema badilisha pleti, mengine niachie.

Mke wangu aliporudi, gari lilikuwa limeshafungwa. Mimi nilikuwa ndani nakanyaga pedali, Mdomo yuko chini anatoa upepo. Mafuta yalitoka safi, hayana povu. Gia zikaendelea kusaga.

Dada mtu akasimama juu yake. "Pleti umeielekeza wapi?"

"Dada, mimi si mtoto."

"Sikukuuliza umri."

Watu wakaangua kicheko. Kile kicheko ndicho kilichoharibu mambo. Mdomo alitoka chini ya gari uso umevimba.

"Klachi mpya ni ngumu," akasema. "Italegea yenyewe barabarani."

"Shusha boksi tuone."

"Sishushi."

Akampa kisogo. Gari likabaki pale, pua imeelekea ukutani, limeachwa kwenye gia kwa sababu hendibreki yake ilikuwa haishiki.

Bucha akatokea mchana uleule, kabla ya siku aliyoambiwa. Alikuja na mdogo wake, kijana mpole wa kukaa dukani kwao. Mdomo alikuwa ameenda kununua boliti. Bucha hakuuliza mtu. Kijana akasimama mbele ya gari anafuta taa kwa leso. Bucha akaketi, akakanyaga klachi mpaka chini, akawasha.

Gari likaruka.

Likambana kijana ukutani kwa goti. Nilisikia goti lile na sitaeleza lilivyolia. Injini iliendelea kusukuma, na Bucha mguu wake uko kwenye pedali ya klachi, ameikanyaga mpaka mwisho, anapiga kelele, "Nimekanyaga! Nimekanyaga!" Ikazima. Tukasukuma gari nyuma kwa mikono. Kijana akaporomoka, na mfupa ulikuwa nje ya suruali.

Walimpeleka hospitali kwa pikapu. Mdomo aliporudi na boliti zake alikuta damu ukutani. Tulimwambia akimbie. Alikataa. Alisema hana kosa, ni mpira.

Bucha alirudi na wafanyakazi wake, wamevaa aproni za kazini, visu viunoni. Wawili wakasimama getini.

"Daktari amesema goti la ndugu yangu halitakunjika tena," akasema. "Nani alifunga klachi yangu?"

"Mimi," Mdomo akasema. "Na ni mpira uliopasuka, ule niliokwambia tuubadilishe ukakataa. Watu wote ni mashahidi. Mimi pleti yangu iko sawa, naapa kwa wanangu."

"Sawa. Ikiwa ni mpira, nitakuomba radhi hapahapa na kosa ni langu. Ikiwa ni mkono wako, utatoka hapa na goti kama la ndugu yangu. Sitaki fidia. Sitaki polisi. Nimeambiwa mna sheria yenu ya kufungua. Fungueni."

Macho yote yakamgeukia mke wangu.

Fundi rejeta, mzee wetu pale, akasema, "Huyu ni ndugu yake. Afungue mwingine."

"Ndiye huyu mama aliyemwumbua mumewe?" Bucha akauliza. "Basi afungue huyuhuyu."

Mke wangu akanigeukia. Aliniambia, "Kanyaga." Nikaingia ndani ya gari. Yeye akalala chini ubavuni, akatazama silinda ndogo iliyo kando ya gia boksi. "Achia. Kanyaga. Achia." Kisha akasimama, na nilipomwona uso nikajua. Mpira ulikuwa mzima. Silinda ilikuwa inasukuma mpaka mwisho wake. Kila kitu cha nje kilifanya kazi. Limebaki la ndani.

"Leteni jeki," akasema.

Mdomo alikuwa bado anaongea, anawaeleza watu habari za mpira. Gari lilipoanza kupanda, maneno yakamkauka. Alimtazama dada yake, na nadhani hapo ndipo alipokumbuka mikono yake mwenyewe ilifanya nini.

Tuliingia chini wawili. Gia boksi nililipokea kifuani, nikalisogeza kando. Akafungua boliti za presha pleti, kifuniko kinachoibana klachi pleti, kidogokidogo, kwa kukingamisha. Ikaachia. Pleti ikabaki mkononi mwake.

Klachi pleti ina upande wenye kifua, pale springi zilipo. Kifua kinatakiwa kitazame gia boksi. Hiki kilikuwa kinatazama injini. Vichwa vya boliti za injini vilikuwa vimekwaruzwa mpaka vinang'aa kama kijiko.

Nikamnong'oneza, "Igeuze."

Akaiinua karibu na macho.

"Hawaoni. Igeuze, toka nayo. Tutasema mpira."

Akaigeuza. Nikashusha pumzi. Akaitazama hivyo, imekaa sawa kama inavyotakiwa. Tone la oili likamwangukia shavuni, hakulifuta.

"Yule kijana alikuwa anafuta taa tu," akasema.

"Na huyu wako je?"

Kiatu kikanipiga wayo. "Mmelala huko?" Ilikuwa sauti ya Bucha.

Akairudisha pleti kama alivyoikuta. Akachukua chaki iliyokaa sikioni mwake, akachora msalaba upande uliotazama injini, kama alivyofundishwa. Akatoka. Akailaza juu ya gunia, kifua na msalaba vikiwa juu.

"Imewekwa kinyume," akasema. "Ukikanyaga, haiachii."

"Dada!" Mdomo akasema. Hilo tu.

Walimrukia. Walimpiga ngumi za uso, na alipoanguka wakampiga mateke ya mbavu. Niliona jino likitoka na damu. Niliingia kati, nikapigwa na mpini wa shoka ubavuni, nikasikia ubavu ukilia ndani yangu, nikalala nikitapika. Mafundi walisimama. Sheria ni sheria, na pleti ilikuwa pale juani, kila fundi ameiona. Wakamburuta Mdomo mpaka penye injini kuukuu, wakaulaza mguu wake juu, wanaume wawili wakamkalia. Bucha akaokota nyundo kubwa, ile yangu ya kunyooshea chesisi. Akainyanyua.

Mke wangu akauweka mguu wake juu ya goti la ndugu yake.

"Toa mguu, mama."

"Goti halikufunga klachi."

"Unasemaje?"

"Goti lake lilikuwa limelala chini ya gari. Kilichofunga ni mkono. Unataka haki au unataka nyama?"

"Nyama ninazo dukani."

Kuna mtu alicheka, akajiziba mdomo.

"Basi chukua mkono," akasema. "Na nitauvunja mimi. Ukivunja wewe, hawa mafundi watakungoja barabarani, na watu wako watarudi hapa kuwachinja. Haitaisha. Nikivunja mimi, dada yake, nani atamlipizia nani?"

Bucha akashusha nyundo. Jasho lilikuwa linamtiririka. Naye alikuwa mtu, na ndugu yake alikuwa amelala hospitali.

"Mkono upi?" mke wangu akamwuliza.

"Wa kazi. Wa kulia."

Hakuna aliyemsahihisha. Fundi rejeta alitazama chini. Hakuna fundi pale asiyejua Mdomo hushika spana kwa mkono gani. Mdomo mwenyewe akafunua kinywa chenye damu, akatutazama. Kisha, mara ya kwanza tangu nimjue, akakifunga bila kusema neno.

Mke wangu aliulaza mkono wa kulia juu ya rimu. Akapachika gunia chini ya kiwiko. Akapapasa kwa kidole katikati ya kiwiko na kiganja, akitafuta mahali, kama anavyotafuta ufa kwenye chuma. Akachukua bomba la kurefushia spana.

"Angalia kule," akamwambia.

"Siangalii kule," ndugu yake akasema. "Nakuangalia wewe."

Akapiga. Pigo moja. Ulikatika kama ukuni. Mdomo hakulia, alijikojolea. Mkono ulining'inia kutoka mahali pasipo na kiungo.

Bucha akautazama. "Tena," akasema.

Mke wangu akalinyanyua bomba, akamgeukia. Uso wake ule sikuwahi kuuona kabla na sikuuona tena.

"La pili ni lako," akasema.

Wenye aproni wakagusa visu. Ndipo nikasikia vyuma vikiokotwa kote yadini, spana, nondo, mipini ya jeki, fundi mmoja baada ya mwingine. Bucha aliwatazama, akamtazama mwanamke aliye mbele yake, akaangusha nyundo.

"Funga gari langu," akasema.

Na aliyefungua ndiye anayefunga tena. Alimfunga kwanza ndugu yake mkono kwa vipande vya boksi la karatasi na mpira wa tairi, akawaambia wamkimbize hospitali. Kisha akanawa mikono kwa petroli, akarudi chini ya gari. Mimi na ubavu wangu sikuweza, akashikiwa boksi na fundi rejeta. Akaweka pleti nyingine, kifua kinatazama kinapotakiwa. Akakaza. Akalishusha gari. Hendibreki ilikuwa haishiki, basi akaegemeza tairi kwenye mawe, akatia gia ya tatu, akaachia. Injini ikazima palepale. Akampa Bucha ufunguo mkononi. Bucha akaondoka taratibu, gia zinaingia kama kisu kwenye mafuta.

Baada ya hapo mke wangu alienda nyuma ya mabati akaupiga ukuta kwa ngumi mpaka ngozi ikatoka. Nilipomshika alinipiga na mimi. Nilipokea. Alinipiga mpaka akachoka, akaniegemea.

Mkono wa Mdomo ulipokuwa kwenye plasta alikuwa akila kwetu. Mkewe alikuwa akimleta mlangoni na kuondoka, maana yeye naye alikuwa hataki kumwona wifi yake. Mdomo alikula kwa kijiko, kwa mkono wake uleule wa kushoto, wa kazi, na hakumsemesha dada yake. Alinisemesha mimi.

"Shemeji, mwambie mkeo chumvi imezidi."

"Mume wangu, mwambie shemeji yako akapike kwake."

"Shemeji, mwambie yeye ndiye aliyenivunja, kwa hiyo atapika."

"Mwambie ningevunja taya, tungekula kwa amani."

Nikakaa katikati kama nguzo ya simu. Sikucheka, mbavu zilikuwa zinauma. Lakini nilimwona mke wangu akimwongezea mchuzi kila mara kabla hajaomba, na kugeuka upesi asionwe.

Mfupa uliunga, umepinda kidogo. Akarudi yadini kwa miguu yake miwili. Alichukua breki, alichukua rejeta za kumsaidia mzee. Klachi hakugusa. Wateja wa klachi walipomwendea aliwaelekeza kwa dada yake kwa kidevu tu. Sisi tulidhani ameiacha kazi ile moja kwa moja, na mke wangu alidhani hivyo, na ilikuwa ikimla. Alikuwa akisema angemwachia Bucha lile goti, ndugu yake angebaki na kazi. Nikamwambia asiseme upuuzi.

Halafu siku moja likaja gari dogo, kuukuu, klachi inateleza, na mke wangu alikuwa chini ya gari jingine. Mdomo akalichukua. Akashusha boksi peke yake, akatoa pleti kuukuu, akashika mpya. Akakaa nayo kwa muda. Tukawa tunamtazama sote tukijitia hatuoni.

"Dada!" akaita. Sauti ilipasuka kidogo. "Njoo utazame kabla sijafunga."

Mke wangu akaacha spana ikaanguka. Akaenda, akainama, akatazama. Alitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika, maana pleti ile hata mimi nikiwa nimesimama mbali niliona imekaa sawa.

"Funga," akasema.

Ikawa hivyo miaka yote. Mdomo hakufunga klachi hata moja bila kumwita. Waligombana kama paka, wakarushiana matambara, lakini Mdomo aliita, na dada yake akaenda, hata alipokuwa ameanza kukohoa na miguu imevimba. Mwishoni alikuwa akitembea kutoka kiti mpaka kwenye gari na kurudi, kazi yake ni hiyo tu.

Alikufa mvua zilipoanza. Makaburini mmoja wa wachimbaji alicheka jambo lake na mwenzake, Mdomo akampiga ngumi ya mdomo, mchimbaji akaanguka ndani ya shimo. Tukamtoa. Tukamlaza mke wangu.

Nilikaa nyumbani siku nyingi. Kisha nikarudi yadini, si kwa kazi, mikono haina nguvu. Ni kukaa tu kwenye kiti chake. Mdomo alikuwa chini ya gari. Nikamsikia anaita, "Da—" akanyamaza. Vyuma vikanyamaza. Nikaviona viatu vyake, havisogei.

"Shemeji," akasema. "Njoo utazame."

Mimi ni mtu wa bodi. Klachi naijua kwa kumtazama yeye tu. Niliinuka, nikaenda, nikainama na mgongo wangu huu. Nikatazama muda aliokuwa akitazama yeye.

"Funga," nikamwambia.